Bwana Miliki na Ukuta wa Nyuki

Nianze na baba yangu, ingawa yeye na mtu ninayetaka kumsema hawakuonana hata siku moja. Baba alikuwa mrina asali katika misitu ya Sikonge. Mizinga yake ilikuwa ya magome, ya zamani, siyo hii ya mbao wanayogawa siku hizi. Kabla hajatundika mzinga aligonga shina la mti kwa kisigino cha shoka, akaweka sikio, akasikiliza kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mkwe. Mti ukimjibu vizuri, anapanda. Usipomjibu vizuri, anasonga mbele na mzinga wake kichwani, na sisi watoto nyuma tunanung'unika kwa njaa.

Msimu mmoja tukakuta mzinga hauna nyuki, na asali imo, imejaa, masega yamefungwa vizuri. Hapakuwa na siafu, hapakuwa na dalili ya nyegere. Baba akatazama juu muda mrefu, akasema, "Wameacha asali yao, mimi sipandi." Baba mdogo akamcheka. Akavua viatu, akapanda, akashusha asali yote, na tukaila siku hiyo mpaka matumbo yakauma. Hakuna kilichotokea. Baba mdogo akawa anamwita baba mwoga mbele ya watoto.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mti ule ukaanguka. Mvua ilikuwa ya kawaida, upepo haukuwepo. Uliangukia kibanda chetu cha kambi, na baba mdogo alikuwa ndani amejikinga. Tulimtoa akiwa hai, lakini mguu wake haukuwa mguu tena. Tulipoutazama ule mti tukakuta ndani ni mtupu kama ngoma, umebaki ganda tu. Asali yenyewe ilikuwa tamu, nisidanganye. Mpaka leo nikilamba asali ya msimu wa kwanza nasikia ule mlio wa matawi.

Ndiyo maana siku nilipomwona mtu mzima, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kisha anauwekea sikio, nilisimama palepale na baiskeli yangu.

Huyo ndiye Bwana Miliki. Jina alikuwa nalo, na mkewe bila shaka alilitumia, ila pale chuoni kuanzia mkuu mpaka wapishi walimwita Bwana Miliki, kwa sababu ofisi yake ni ya miliki: majengo, maji, umeme, usafi, walinzi, bustani, magari, kila kitu ambacho mwanafunzi hakioni mpaka kiharibike. Chuo chenyewe sikitaji. Kipo hapahapa Tabora, upande ile njia ya zamani ya misafara ilikopita, na anayekijua anakijua. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee nitasema habari za madarasani.

Niliitwa pale kwa ajili ya nyuki. Nilikuwa nauza asali sokoni, mlinzi akaja kuniambia ukumbi wao mkubwa umeingia nyuki kwenye ukuta wa kaskazini. Nikafika na bomba langu la moshi na ndoo. Yeye akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mtu wa nyuki?"

"Ndimi."

"Mnyamwezi?"

"Wa kuzaliwa."

Akaachia cheko. "Mpagazi! Shusha mzigo upumzike, mimi Mzaramo."

"Lo! Sasa Mzaramo anafanya nini mbali hivi na minazi?" nikamjibu. "Kwenu si kazi ni kukaa kusubiri nazi idondoke?"

Basi, tukawa watani kuanzia siku hiyo. Kwa asiyejua, utani wetu na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mtani wako anaweza kukutukania marehemu matangani na ukacheka. Anaweza kukunyang'anya kofia mbele ya mkwe wako. Utani ni kitu kizuri sana. Lakini nitawaonyesha ulivyotuponza.

Siku ile hakuniruhusu kuwatoa nyuki. Aliniuliza tu wanakaa kuanzia wapi mpaka wapi. Nikaweka sikio, nikamwonyesha: kuanzia hapa usawa wa bega, hadi juu kwenye kenchi za paa.

"Na kwa nini wamependa ukuta huu, na siyo ule mwingine?"

"Huu una uwazi ndani."

Hakushangaa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitishiwa msiba ambao ameshausikia. Akasema, "Waache. Kesho uje, nitakupa kazi ya bustani."

Nikapata kazi hivyo, nikakaa miaka mingi.

Sasa tabia zake. Alikuwa mtu wa asubuhi. Jua likichomoza ameshazunguka chuo kizima, anagonga. Aligonga kuta, nguzo, milango, matangi ya maji. Wanafunzi walimwigiza, wakipita nyuma yake wanagongana vichwa kwa vifundo. Yeye hakujali. Mbuzi aliwachukia. Mbuzi akiingia bustanini, Bwana Miliki alimfukuza mwenyewe, na kumtukana kwa Kizaramo. Chai aliinywa kwa asali, asali ya ule ukuta, niliyomrinia mimi kidogo kidogo kwa juu. Hakumpa mgeni yeyote asali ile. Nilimuuliza sababu, akasema, "Hii ni ya wenye nyumba."

Alikuwa mkali wa maneno na mpole wa vitendo. Msafishaji akichelewa, anamfokea mpaka ndege wanaruka, halafu mchana anamuuliza mtoto anaendeleaje na homa. Kiongozi wa wasafishaji, Mama Zuhura, mwanamke wa hapa mjini, ulimi wake haulali, alikuwa akimwambia, "Bwana Miliki, wewe ukifa tutakuogesha huku unatufokea." Naye anasema, "Na mtaniosha vibaya, nawajua, pembeni hamfiki."

Ila kubwa lake lilikuwa Siku ya Mafanikio. Kila mwisho wa mwaka wa masomo, idara za huduma zinakusanyika ukumbini, mkuu wa chuo mbele na wageni wake, na Bwana Miliki anasimama kusoma mafanikio ya mwaka mzima. Msicheke. Kwetu sisi siku hiyo ilikuwa kama Idi. Wiki nzima kabla yake ni rangi na chokaa, vitenge vinafungwa kwenye nguzo, pilau inapikwa nyuma ya jiko la wanafunzi. Halafu unasikia kazi yako inasomwa kwa kipaza sauti! Vyoo vya bweni la wasichana vimezibuliwa. Viti vilivyovunjika vimepigwa misumari. Jenereta limerudi kuunguruma. Miti ya kivuli imeshika. Mtu aliyezibua choo anasimama, anapigiwa makofi na maprofesa. Nimemwona mzee wa mabomba akilia.

Matatizo hayakusomwa. Mwisho kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa changamoto, na hata huo wakubwa waliuangalia kwa jicho baya. Bwana Miliki aliwahi kuniambia jinsi alivyopeleka habari za ukuta wa kaskazini, mwanzo kabisa. Ukumbi ule ulijengwa juu ya kisima cha wapagazi, kisima cha zamani, kikajazwa kifusi harakaharaka ili ukumbi uwahi kufunguliwa. Kifusi kilikuwa kinashuka. Ukuta ulikuwa unakifuata, taratibu, matofali yake yenye matundu yanaachana kwa ndani, na huku nje lipu inapigwa rangi kila mwaka kwa ajili ya siku yetu. Wakamwambia aandike "unafuatiliwa". Akaandika. Mwaka uliofuata, unafuatiliwa. Na nyuki hivyohivyo: "zoezi la kuwaondoa nyuki linaendelea." Hakuna zoezi lolote lililoendelea. Alitaka wakae, maana wakiwepo alijua ukuta bado umeshika.

"Babu zako ndio walichimba kile kisima," alinitania. "Ukumbi ukizama, lawama kwa Wanyamwezi."

"Na aliyesimama juu yake anasoma mafanikio ni Mzaramo," nikamwambia.

Tukacheka. Tulikuwa tunacheka sana, mimi na yeye.

Lakini nilimwona. Ukumbi ule aliupenda kuliko nyumba yake, aliushika nguzo kama mtu anamshika ng'ombe wake, na bado hakukaa hata mara moja upande wa kaskazini. Wakati wa kupanga viti aliacha nafasi pana kando ya ukuta ule, akaiita njia ya hewa. Mtu akiweka kiti pale anakitoa mwenyewe. Watu walisema ni wazimu wa uzee. Niliposafisha, nilikuta vumbi jeupe la lipu pale chini, asubuhi hii, na asubuhi nyingine, kama unga ulioanguka kwenye chekeche. Nikifagia, linarudi.

Halafu mjukuu wangu Tatu akapata nafasi pale chuoni. Nisije nikasahau kuwaambia furaha yangu. Mtoto wa mwanangu wa Kigwa, amelelewa na mimi, baba yake aliishi kwa tumbaku na mama yake kwa maombi. Akaingia kwaya ya chuo. Sauti anayo. Na uongozi mpya ulipokuja, ukaona njia ya hewa ni nafasi inayopotea bure, ukaamua kwaya isimame pale.

Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho wa Bwana Miliki kazini. Alikuwa anastaafu baada ya Siku ya Mafanikio. Na katika miaka yake yote hapakuwahi kutokea ajali ya jengo. Hilo lilikuwa neno lake, alilisoma la mwisho kila mwaka, kwa sauti ya chini: "Hakuna aliyeumia." Alitaka kulisoma mara moja zaidi, kisha arudi kwake.

Wiki ile ya kupaka rangi, nilifika asubuhi kumwagilia, nikasikia kimya. Nyuki usipowazoea huwasikii, lakini ukiwazoea, kimya chao ni kama mtu amezima mashine ya kusaga. Nikaenda kwenye ukuta. Hakuna hata mmoja. Nikapanda ngazi, nikachungulia kwa juu. Asali imejaa. Masega yamefungwa.

Nilishuka. Nikamkumbuka baba.

Asubuhi hiyohiyo tulikuwa na kikao cha matayarisho, idara zote, na afisa mmoja wa utawala kutoka ofisi ya mkuu. Nikaomba kusema. Nikasimama, nikasema hivi, "Bwana Miliki, nyuki wamehama na wameacha asali. Ule ukuta utaanguka. Utakuzika wewe na sisi, na watoto wa watu."

Kikao kizima kikalipuka kwa kicheko. Mama Zuhura alijipiga mapaja. "Jamani Mnyamwezi huyu! Mtani wake anastaafu, yeye ameshamchimbia kaburi!"

"Sanda utanunua wewe?" mwingine akadakia.

"Sanda atabeba kichwani, si mpagazi!"

"Sisemi utani," nikasema. "Nasema kweli."

"Mtani hasemi kweli," afisa akasema, naye anafuta machozi ya kucheka. "Mzee wa Nyuki, kaa chini, umetuchangamsha. Kwa hiyo nyuki wametoka? Safi sana. Liandikwe kwenye mafanikio."

Nikaangalia mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Bwana Miliki alikuwa anatazama mikono yake. Kama angesema neno moja, "Huyu hatanii," basi kikao kingegeuka. Nilimsubiri. Akainua kichwa, akatabasamu kidogo, akasema, "Haya, tuendelee. Habari ya maturubai."

Sikumuelewa siku ile. Sasa namuelewa kidogo, na bado sijamsamehe.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi umejaa, vitenge vinang'aa, ukuta wa kaskazini mweupe kama yai. Kwaya imejipanga kando yake, Tatu mstari wa nyuma, bega lake linakaribia kugusa rangi. Mimi nilikuwa mlangoni. Bwana Miliki akasoma. Vyoo, makofi. Viti, makofi. Pampu ya maji, makofi. Kisha akafika pale: "Nyuki wameondolewa ukumbini." Makofi makubwa, na watu wananigeukia mimi, wananionyesha dole gumba. Mimi ambaye sikuwaondoa.

Akageuza uso kuelekea ukuta. Nikajiambia, sasa. Kipaza sauti kikapokea pumzi yake, tukaisikia ukumbi mzima, inaingia na kutoka.

"Kwaya," akasema, "isogee mbele kidogo. Tuwaone vizuri."

Wasichana wakasogea, wanacheka kwa aibu. Hatua chache. Akaendelea kusoma mpaka akafika kwenye neno lake. "Hakuna aliyeumia." Watu wakasimama kwa ajili yake.

Baadaye nikamfuata kwenye pilau. "Mtani."

"Nimewasogeza," akasema kabla sijauliza.

"Umewasogeza wapi? Ukuta ule ukilala, unafika katikati ya ukumbi."

Sahani yake hakuila. Alisema, "Nikisema leo, wataniuliza miaka yote hii nilikuwa nasema nini." Kisha mgeni mmoja akaja kumshika mkono wa kwaheri.

Akaondoka. Alikuwa na chumba upande wa Isikizya, kwa ndugu wa mkewe, akingojea kumaliza mambo yake ya kustaafu ndipo ashuke pwani. Nafasi yake akapewa kijana, Bwana Miliki mpya, mwenye viatu vya kung'aa na heshima. Ananisalimia shikamoo kila siku. Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa adabu, akasema, "Mzee, nimeambiwa nyinyi wawili mlikuwa watani wakubwa." Nikamweleza Tatu. "Babu, acha utani bwana," akasema, na akanibusu kichwani. Nikamwambia mwanangu, na imamu wa mtaa wetu. Wote wanacheka kwanza, halafu wanasema Mungu apishe mbali. Ndugu zangu, nimezeeka nikiwa mtu wa kuchekesha, na sijui nifanye nini na uso huu ili uaminike.

Jumatatu ijayo fundi anakuja na mashine ya kukatia chuma. Wanataka kulikata kufuli lililo kwenye mlango wa ukumbi, kwa sababu kwaya inatakiwa ianze mazoezi ya Siku ya Mafanikio. Kijana ameshasema kufunguliwa kwa ukumbi kutasomwa miongoni mwa mafanikio. Kila mtu anauliza nani alifunga kufuli lile. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilizeni.

Ilikuwa alasiri, wanafunzi wako likizo. Niko na mpira wa maji. Nikamwona anakuja kwa miguu kutoka ile barabara ya zamani, shati bado limepigwa pasi ila limekuwa kubwa, shingo imepungua. Hakupita getini, alipita kwenye upenyo wa mbuzi ambao alikuwa akituamuru tuuzibe.

"Mwangaluka," akasema. Kinyamwezi chake kilikuwa kibaya siku zote, na hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Jua linashuka, Mzaramo."

"Nyuki wamerudi?"

"Hawajarudi."

"Na asali?"

"Imo palepale. Hakuna aliyeigusa, hata siafu."

Akaenda kwenye ukuta. Nikafunga maji ili asikilize vizuri. Akagonga. Akaweka sikio. Akasogea, akagonga tena, chini, juu, tena chini. Nilimwona mgongo. Alikaa na sikio pale mpaka nikadhani amelala amesimama. Alipogeuka, shavu lake lilikuwa jeupe kwa vumbi la lipu, naye hakulifuta.

"Mjukuu wako bado anaimba?"

"Bado."

"Wapi?"

"Humu. Wakifungua chuo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa plastiki akatoa kufuli. Nililijua. Lilikuwa la stoo ya jenereta, kubwa kama kichwa cha mwanambuzi, tulilitafuta sana alipoondoka. Na mnyororo wake. Akazungusha mnyororo kwenye vishikio vya mlango wa chuma, akazungusha tena, akalibana kufuli, likalia. Akalivuta kwa mikono yote miwili kuona kama limeshika.

"Mtani," nikasema, "kufuli wanakata. Nenda kwa mkuu. Twende wote, sasa hivi, yuko ofisini. Mwambie wewe. Wewe hawatakucheka."

Akaniangalia. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni vumbi.

"Ukuta utaanguka au hautaanguka?" nikamuuliza. "Niambie hilo tu. Nina mtoto humo."

Alifungua mdomo. Nikaona kabisa neno linakuja, nikasogea. Kisha akatabasamu kwa lile tabasamu la kwenye kikao, akanipiga begani.

"Shusha mzigo, mpagazi," akasema.

Ufunguo akautia mfukoni. Akapita tena kwenye upenyo wa mbuzi, akainama, akatokea ng'ambo, akashika ile barabara ya misafara kuelekea upande wa reli. Nilimwita mtani, nikamwita Bwana Miliki, na mwisho nikamwita kwa jina lake. Hakugeuka. Nilisimama kwenye ua mpaka shati lake likapotea, na hakurudi tena.